Japani Inaanza na Mfuko wa Taka

Kama uko mtaani na unapanga kuland Japani, hii story ni yako. Sitabonga kuhusu mnara wa Tokyo na maua ya sakura, juu hizo ushaziona kwa simu hadi ukachoka. Nataka tubonge venye siku inaendanga huku: keja, jobo, dishi, treni, majirani. Na tunaanza na taka, juu mtaa wa Japani unakujulia hapo kabla hata ujue jina la jirani.

Mimi naishi Warabi, kamji kako Saitama, kaskazini ya Tokyo. Kwa eneo ndio mji mdogo kuliko miji yote ya Japani, kilomita mraba 5 na kitu tu. Lakini watu wamejaa, na wageni ni wengi: Wachina, Wavietnamu, Wanepali, Wakurdi, na sisi wachache wa Afrika. Laini ya Keihin-Tohoku inakutoa hapa hadi Ueno na stesheni ya Tokyo bila kubadilisha treni, na rent haikuumizi kama ya Tokyo yenyewe. Mayout wengi wageni wanakaa upande huu juu ya hiyo hesabu.

Ukipewa funguo za keja unapewa na karatasi. Ni kalenda ya taka. Maganda, mabaki ya dishi na tishu ni za kuchomwa, na hizo huchukuliwa mara mbili kwa wiki. Chupa za plastiki ziko na siku yao, na kabla uzitoe unafungua kifuniko, unachuna lebo, unasuuza, unazikanyaga zikae bapa. Mikebe siku yao. Magazeti na katoni unafunga na kamba. Betri hazichanganywi na kitu. Ukitaka kutupa godoro ama sofa, unaitisha kwa manispaa, unanunua stika ya malipo, unabandika, halafu unangoja siku utakayoambiwa. Friji na mashine ya kufua ziko na sheria yake kabisa, tangu 2001, na ni wewe unalipa ndio zivunjwe na vyuma vitumike tena. Hii yote unafanya asubuhi, mitaa mingi ni kabla ya saa mbili, sio usiku uliopita. Mfuko unaingia chini ya neti, juu kunguru wa huku ni wajanja na wana midomo ya kazi.

Ukichanganya, gari ya taka inaishia na mfuko wako unabaki pale pale, umebandikwa stika ya kusema uko na shida. Mtaa mzima unauona. Na hapa ndio msee wa Nairobi anafaa kuwa rada: hakuna mtu atakupigia kelele. Hakuna jirani atakuja kugonga mlango akikufokea. Watanyamaza, na watakumbuka.

Mbona nimekaa sana kwa hii maneno ya taka? Juu inaenda hadi kwa keja. Mwaka wa 2017 gava ya Japani ilitoa utafiti ikiuliza wageni venye wanaishi, na kati ya wale walikuwa wametafuta nyumba, karibu 4 kati ya 10 walisema washawahi kunyimwa juu tu ni wageni. Soma hiyo tena polepole. Sababu zenye landlord wanapenda kutoa ni tatu: lugha, kelele na taka. Sikubaliani na kumfungia mtu mlango juu ya pasipoti, hiyo ni ubaguzi hata ukiongeleshwa kwa heshima na mtu ameinamisha kichwa. Lakini najua pia kuna buda ako ghorofa ya chini kwangu, mzee wa miaka mingi, ambaye alianza kunisalimia siku alinipata nachuna lebo za chupa. Kabla ya hapo tulikuwa tunapitana kwa ngazi kimya. Sasa akivuna daikon, ile figili ndefu nyeupe, kwa kashamba kake, moja inakuja kwangu. Hizo stori mbili ni za mtaa mmoja na mimi nazibeba zote mbili.

Kuingia keja yenyewe ni ganji. Kuna shikikin, deposit ya kawaida. Kuna reikin, hiyo ni zawadi ya kumshukuru mwenye nyumba na hairudi kamwe. Kuna ya ajenti, kuna ya kubadilisha kufuli, kuna ya kampuni ya kukudhamini, juu wewe hauna mjomba wa Kijapani wa kukuwekea sahihi. Ukijumlisha, siku ya kwanza unaweza toa rent ya miezi minne ama mitano mara moja. Ndio maana wasee wengi wanaanza na share house ama bweni la shule, na mimi naona hiyo ni akili. Unatulia, unajua mitaa, halafu unatafuta yako ukiwa na lugha kidogo. Na ukihamia, bebea majirani kitu kidogo, taulo ama sabuni. Ni mila ya zamani, vijana wengi wa Tokyo washaiacha, lakini mgeni akiifanya inafungua mlango mbio sana.

Makaratasi ndio mlima mwingine. Ukifika airport kubwa unapewa zairyu, kadi ya ukaazi. Ukishapata mahali pa kukaa uko na siku 14 za kwenda ofisi ya mji kuandikisha adresi, na inaandikwa nyuma ya hiyo kadi. Siku hiyo hiyo unaingia bima ya afya ya taifa: hospitali ikikutibu, wewe unalipa asilimia 30, bima inabeba 70. Mtu akikwambia uihepe ndio usevu doo, mlenge. Jino moja likikusumbua utaelewa mbona. Kuna na pensheni, kila mkaazi kuanzia miaka 20 hadi 59 ako ndani, lakini kama hauna mapato unaweza omba usamehewe malipo, na hiyo fomu lazima uiulizie mwenyewe. Halafu inakuja ile mduara ya benki na simu: benki inataka namba ya simu, kampuni ya simu inataka akaunti ya benki. Utatoboa, lakini enda na senpai, yaani mwenzako alikutangulia huku na anajua njia. Kila shule iko na yule Msenegali ama Mnepali ashapitia hii yote. Mtafute wiki ya kwanza.

Hiyo zairyu tembea nayo hata ukienda dukani kununua maziwa. Sheria inasema uko nayo kila saa, na ukipatikana bila, faini inaweza fika yen 200,000. Karao wa huku wanaongea polepole, wanasema samahani, lakini watakusimamisha. Sana sana ukiwa kwa baisikeli, juu kila baisikeli imesajiliwa na wanataka kucheki kama ni yako. Mayout weusi wanasimamishwa kuliko wenzao, na hii si stori ya vijiweni tu: Januari 2024 wakaazi watatu wenye asili ya nje walipeleka gava kortini Tokyo wakidai polisi wanawasimamisha juu ya sura na rangi. Ikikupata, kaa mpole, toa kadi, uliza kwa adabu unasimamishwa kwa nini. Uko na haki ya kuuliza. Si lazima ufurahie.

Sasa jobo. Hapa nataka unisikize vizuri, juu hapa ndio watoto wa watu wanaumia.

Ukikuja na visa ya mwanafunzi, hauruhusiwi kufanya kazi mpaka uombe kibali, na kibali kinagongwa nyuma ya kadi. Ukikipata, ni masaa 28 kwa wiki. Likizo ndefu za shule unaruhusiwa masaa 8 kwa siku. Basi. Tuchape hesabu. Mshahara wa chini Tokyo uliwekwa yen 1,163 kwa saa Oktoba 2024, na Saitama iko chini ya hapo. Chukua hiyo ya Tokyo ya 2024: masaa 28 mara wiki nne, unapata kama yen 130,000 kwa mwezi. Yen moja iko chini kidogo ya bob moja, kwa hivyo ukiwa Kayole unaona hiyo ni mkwanja mnono. Lakini shule ya lugha inakula kama yen 700,000 hadi 800,000 kwa mwaka. Ukitoa karo kwa mapato ya mwaka mzima, unabaki na kitu kama 65,000 kwa mwezi ya rent, dishi, bima, simu na treni. Ukipata karum ka 40,000, umebaki na 25,000. Hapo hakuna ya kutuma home. Hakuna ya kulipa loan ya Sacco yenye mathe alichukua ndio upande ndege.

Kuna maajenti wanaambia wazazi wetu kijana atafanya kazi masaa anataka na atatuma laki kila mwezi. Huo ni uongo, na nasema bila kuogopa. Uhamiaji wanaangalia rekodi za kodi ukienda kuongeza visa. Ukipitisha masaa, wanakunyima, na unarudishwa home ukiwa na deni. Msee akikuchorea Japani bila kutaja namba 28, hiyo ni rada mbaya, ishia hapo hapo.

Baito, yaani kazi ya masaa ya mwanafunzi, inategemea mdomo wako. Kama haubongi Kijapani, uko kiwanda cha bento, dishi ya kupakiwa kwa boksi, usiku, baridi ya friji, unapanga wali na kipande cha samaki hadi jua litoke. Ukibonga kidogo, unaingia konbini, kale kaduka ka mtaani, na hapo ndio shule ya ukweli. Kaunta ya konbini inakufunza lugha kuliko kitabu: mteja anataka mfuko ama hataki, tangu Julai 2020 mfuko wa plastiki unalipiwa, anataka bento ipashwe moto, analipa bili ya stima, anatuma kifurushi, anachukua tiketi. Nilitoka hapo nikiwa na sentensi nazitumia hadi leo.

Kuhusu lugha sina maneno mingi, niko na msimamo tu. Hiragana ni herufi 46, katakana 46. Hizo zote mbili msee mwenye bidii anazimaliza kabla mwezi uishe, akiwa Githurai kwa keja ya mathe, bila kulipa mtu. Kanji za matumizi ya kawaida ni 2,136, hizo ni safari ya miaka, na hakuna anayekutarajia uzijue ukishuka ndege. Shule nyingi za lugha zinataka uonyeshe umepita mtihani wa Kijapani wa N5, ile ngazi ya chini kabisa, ama umesoma masaa 150 ndio uhamiaji wakubali. Usinunue cheti feki cha hayo masaa. Ukifika utaongeleshwa, na hautakuwa na la kusema.

Tuingie treni. Wewe umekulia kwa nganya ya Umoja, ngoma inakugonga kifua, kange ananing'inia mlangoni akiita watu. Hapa unaingia treni ya saa mbili asubuhi, watu wamebanana hadi miguu haigusi chini vizuri, na hakuna anasema kitu. Hakuna anayepokea simu. Mwanzo hiyo kimya inakuogopesha, unadhani kuna mtu amekufa. Baadaye inaanza kukupea amani. Watu wanalala wakiwa wamesimama, wanasoma, wanapumua kabla boss aanze.

Halafu kuna kile kiti. Utakaa, na kiti chenye kiko kando yako kitabaki wazi, wasee wamesimama. Nimebonga na wageni wa kila rangi, wote wanakijua hicho kiti. Inauma, na inauma zaidi siku umetoka kazi umechoka na umeoga vizuri na umevaa poa. Kuna Mjapani hakai hapo juu anaogopa utamwongelesha Kizungu akwame. Kuna mwingine hakai juu hataki kukaa na mtu mweusi. Wote wawili wako kwa hiyo treni, na mtu asikwambie unaota. Lakini nakuomba, usirudi kujifungia kwa keja juu ya kiti. Nimeona marafiki wakifanya hivyo. Kuna upweke wa huku unaingia polepole, hasa baridi ya Januari, giza saa kumi na moja jioni, keja haina joto ya ukuta, na ukipigia mathe unapata home ni mchana, wako nyuma masaa sita, ako soko, hawezi kubonga. Ukiona umeanza kukosa shule na kulala mchana, ambia mtu siku hiyo hiyo.

Dawa yangu ilikuwa mbio. Nilikuwa nakimbia jioni kwa tuta la mto Arakawa, na kila mara mzee fulani ananiuliza natoka wapi. Nikisema Kenya, uso unafunguka. Wanajua majina. Douglas Wakiihuri alikuja huku 1983 akiwa yout, akafunzwa na kocha Kiyoshi Nakamura, na 1987 akachukua dhahabu ya marathoni ya dunia Rome, halafu fedha ya Olimpiki Seoul 1988. Samuel Wanjiru wa Nyahururu alikuja 2002 kusoma sekondari Sendai akiwa bado mtoto, na 2008 Beijing akaletea Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa marathoni, 2:06:32, kwa joto ya kuua. Japani ilimlia Wanjiru alipokufa 2011. Na kila mwaka tarehe 2 na 3 Januari, familia nzima ya Kijapani inakaa mbele ya TV kucheki Hakone Ekiden, mbio za kupokezana za vyuo kutoka Tokyo hadi Hakone na kurudi, wakimbiaji kumi kila timu. Wakenya waliingia hiyo mbio 1989 wakiwa na chuo cha Yamanashi Gakuin, na hadi leo bado wako.

Kwa hivyo utaulizwa kama unakimbia, kila siku, hata ukiwa umesomea uhasibu. Wasee wengine inawakera. Mimi inanipea heshima kwa hao majamaa, juu walikuja wakati hakukuwa na simu ya kutafsiri, hakukuwa na unga, na walifungua mdomo wakaongea Kijapani mbele ya kamera za nchi nzima. Sisi tunatembea kwa barabara walitengeneza.

Dishi sasa, haraka haraka. Shin-Okubo, Tokyo, kuna maduka ya halali ya Wabangladeshi na Wapakistani, huko unapata nyama ya mbuzi, viungo, unga wa chapo, na ukitafuta, unga mweupe wa mahindi. Sukuma ya kuaminika ni ngumu kupata, lakini chukua komatsuna, mboga ya majani ya huku, iko kila supamaketi, ikatekate, kaanga na kitunguu na nyanya, itakubamba. Mchele ulikuwa rafiki ya maskini, lakini 2025 bei ilipanda karibu mara mbili ya mwaka uliotangulia, hata Wajapani wenyewe walilia. Enda supamaketi usiku kabla wafunge: wanabandika stika za kupunguza bei, mwisho inakuwa nusu. Hapo utakutana na mastudenti na wazee wa pensheni wakiwa wamesimama kimya wakingoja yule jamaa wa stika, na hakuna anaona aibu.

Na tetemeko. Simu zote kwa chumba zinalia pamoja, sauti moja mbaya, halafu nyumba inaanza kutembea. Kipimo cha mtikisiko cha huku kinaishia 7, na mwezi ukipita bila hata kaguso ka 1 ama 2 ni kama umesahauliwa. Mwanzo nilikuwa nashangaa jirani wanaendelea kuosha vyombo. Lakini hawachezi nayo. 11 Machi 2011 tetemeko la magnitude 9.0 (hiyo ni kipimo kingine, cha nguvu ya tetemeko lenyewe) lilileta tsunami iliyoua na kupoteza zaidi ya watu 18,000, na 1 Januari 2024, watu wakisherehekea mwaka mpya, Noto ikapigwa na magnitude 7.6. Kila mtaa uko na mahali pa kukimbilia, mara nyingi shule ya msingi. Jua yako wiki ya kwanza. Weka begi mlangoni: maji, tochi, dawa zako, njumu ngumu, kopi ya pasipoti, chaji ya simu. Hiyo begi ni lazima.

Kitu kingine kitakushtua ni ndai. Ile Probox inabeba miraa kutoka Meru huku ni gari ya mauzo ya kampuni, nyeupe, safi, inaendeshwa na buda wa suti. Gari za huku zinakuja kwetu juu gari ya kibinafsi ikishatoka kiwandani inakaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na ukaguzi ni ghali hadi watu wanaona afadhali wauze. Sheria ya Kenya nayo inakataa gari imepita miaka minane. Kati ya hizo sheria mbili kuna biashara kubwa sana, na kuna Waafrika wameomoka nayo wakiwa huku kwa minada. Kama unapenda magari na uko tayari kusoma, hiyo njia iko wazi kuliko ya kuosha vyombo.

Nikiulizwa kama Japani ni poa, jibu langu ni ndio, kwa msee amekuja na lugha mdomoni na hesabu mkononi. Usalama uko. Nimeacha walleti kwa benchi na nikaichukua kwa kituo cha polisi ikiwa na kila noti. Dem anatembea saa sita usiku peke yake na hana wasiwasi kama wa kwetu. Treni inakuja dakika imesema.

Kwa hivyo nakuomba, wewe unasoma hii ukiwa kwa base: anza hiragana leo, kabla ya pasipoti. Andikia shule mwenyewe uulize karo, usipitie kwa ajenti wa kona. Usiuze shamba la shosh. Na kabla ulipe mtu yeyote hata thao moja, pitia ubalozi wa Japani Nairobi uulizie scholarship ya gava yao, ile ya MEXT. Inatangazwa kila mwaka, inalipa karo, ndege na pesa ya matumizi, na kuomba ni bure.